Kuomba Minyoo kwa Shangazi

9 Aprili

Mdogo wangu Hadubini,

Pamoja na barua hii nimemkabidhi karani wa vifurushi chupa kumi na mbili za kinyesi cha mbuzi. Aliniuliza ndani kuna nini, nikamwambia sampuli za maabara kuu, akazibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Usimwambie.

Nimepoteza mbuzi tisa tangu mvua zianze. Hawakohoi, hawaharishi. Mbuzi anavimba chini ya taya kama aliyefungiwa kifuko cha maji, anabaki nyuma ya wenzake, na siku ya tatu analala ubavu. Nikimfunua kope, ndani ni peupe kama karatasi hii. Nimewapa wote dawa ya minyoo mara tatu katika miezi miwili. Kwa hiyo dawa ni feki. Nimemwambia muuzaji hivyo mbele ya wateja wake, naye akanijibu kwamba hata ndevu zangu ni feki.

Nimefanya kama ulivyonifundisha: chupa sita ni za kabla ya dawa, sita ni za mbuzi walewale siku ya kumi na mbili baadaye. Chupa ya dawa yenyewe nimeifungasha humohumo. Nataka karatasi yenye muhuri wenu nikaibandike kwenye mlango wa yule bwana.

Walikuwa sabini na mmoja, sasa sitini na wawili. Hawa ni mbuzi wa baba, unajua. Sina kingine alichoniachia ambacho kinapumua.

Sijakupigia simu kwa sababu simu zetu unazijua: dakika ya tatu mmoja wetu anakata. Kwenye barua angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Kaka yako


25 Aprili

Kaka,

Ukamwombe radhi muuzaji, ikiwezekana mbele ya wateja walewale. Dawa yake ni nzima. Niliwapa kondoo wawili wa hapa maabara, wenye minyoo ya kawaida, na siku ya kumi sikupata yai hata moja kwenye vinyesi vyao.

Sasa chupa zako. Kabla ya dawa, kila gramu ya kinyesi ilikuwa na mayai kama elfu mbili na mia nne. Baada ya dawa, elfu mbili na mia tatu. Nilihesabu mara mbili, kisha nikamwita mwenzangu wa meza ya pili ahesabu bila kumwambia ni za nani. Tulikubaliana. Minyoo wako wamekunywa ile dawa kama chai ya jioni.

Ni wale wenye mistari miwili iliyosokotana, mwekundu na mweupe. Wanakaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Mmoja tu anataga maelfu ya mayai kwa siku. Ndiyo maana kope ni nyeupe: damu yote iko kwa wapangaji.

Naomba unieleze jinsi unavyowanywesha, hatua kwa hatua. Usiniandikie inavyotakiwa kufanywa. Niandikie unavyofanya wewe.

Mdogo wako


2 Mei

Hadubini,

Muuzaji nimemwomba radhi. Amesema atafikiria.

Unaniuliza ninavyowanywesha kana kwamba nimeanza jana. Miaka kumi na minne nafanya kazi hii. Chupa moja imeandikwa inatosha mbuzi thelathini wakubwa. Mimi nina sitini na kitu, na kuipata ni safari ya siku nzima. Basi najaza bomba la kunyweshea nusu na kila mbuzi anapata nusu bomba, mkubwa kwa mdogo, anayeumwa na asiyeumwa. Hakuna anayerukwa. Nikimpa huyu nikamnyima yule, nitawatazamaje? Baba alikuwa akisema ukiwa na watoto kumi na mkate mmoja, mkate una vipande kumi. Wakishakunywa nawahamishia siku hiyohiyo kwenye malisho mapya niliyoyapumzisha, ili wasirudie uchafu wao. Hata bwana mifugo aliwahi kunisifu kwa hilo.

Mimi ni mtu wa haki. Sasa niambie kosa langu liko wapi.

Kaka yako


9 Mei

Kaka yangu mtu wa haki,

Kosa lako ndilo hilohilo. Kaa kwanza.

Mkate ukiugawa vipande kumi, kila mtoto anashiba kidogo. Dawa ukiigawa, hakuna anayepona kidogo. Nusu ya dawa haiui nusu ya minyoo. Inaua wale walegevu na kuwaacha wale wagumu. Hao wagumu wanabaki bila washindani, wanaoana wao kwa wao, na mayai yao yanaangukia wapi? Kwenye yale malisho mapya uliyoyapumzisha kwa jasho lako. Umewafagilia nyumba. Kisha mwaka unaofuata unarudia, na mwingine, mara kumi na nne. Unadhani umekuwa ukifuga mbuzi. Umefuga minyoo, na sijaona mfugaji aliyechagua mbegu yake kwa uangalifu kuliko wewe.

Najua utasema ungenituma niwatafute hao wagumu mmojammoja tuwaue. Hawatafutiki. Mnyoo hana akili, hapangi vita. Anazaa tu, wengi, wasiofanana, na wewe unakuja na bomba kuamua nani abaki.

Haki ya kweli kwenye zizi haiko sawasawa. Katika mbuzi kumi, wawili au watatu ndio waliobeba minyoo karibu wote. Hao, wenye kope nyeupe, wape dozi kamili kwa uzito wao. Wale wenye kope nyekundu waache na minyoo yao. Ndiyo, waache. Mnyoo ambaye hajawahi kuonja dawa ndiye rafiki yako, kwa sababu akioana na yule sugu, watoto wao wanarudi kuuawa na dawa. Ukiwaua hao wapole ndipo unapobaki na majambazi peke yao.

Shida ni kwamba kwako wapole wamekwisha. Nimewajaribu minyoo wako kwa dawa ya kundi la pili pia. Hawakujali. Ipo dawa moja mpya ambayo hawajakutana nayo, na utaniambia, basi tuitumie hiyo. Miaka mitatu utakuwa umewafundisha hiyo nayo.

Kuna njia moja inayodumu. Tupate minyoo ambao hawajawahi kuguswa na dawa, tuwapande kwenye malisho yako wawazidi hawa kwa wingi. Minyoo wa namna hiyo wanatakiwa watoke kwenye mbuzi wa damu ileile na nyasi za namna ileile, kwa mtu ambaye hajawahi kununua chupa hata moja.

Unamjua, na mimi namjua. Ni shangazi.

Mdogo wako


14 Mei

Wewe,

Nimesoma ukurasa wa pili nikadhani ameandika mtu mwingine. Yaani nimwendee yule mama aliyewaua mbuzi wa baba kwa uvivu, nimwambie hodi, naomba minyoo? Watu huomba chumvi. Watu huomba moto.

Baba alipofariki tuligawana nusu kwa nusu, yeye kama dada yake, mimi kama mwanawe. Akaenda na thelathini na mmoja, mimi nikabaki na thelathini na mmoja. Miaka miwili baadaye alikuwa na wanane. Hakuwapa dawa hata tone. Mimi niliwafikisha sabini. Sijamkanyagia mlango tangu nisikie hesabu hiyo, na sitaanza leo kwa ajili ya wadudu.

Nitumie hiyo dawa mpya. Hoja zako nimezisikia.

Kaka yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Wamebaki thelathini na wanane. Beberu mkubwa amekwenda juzi, yule mwekundu. Alikuwa ananifuata hadi mlangoni. Kope zake nilikuwa nikiziangalia kila asubuhi, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

Mwandikie wewe. Wewe anakupenda.

Kaka


26 Juni

Kaka,

Pole. Yule mwekundu namkumbuka alipozaliwa. Ulinitumia picha yake hata kabla ya kunitumia ya mwanao.

Simwandikii. Mwenye mbuzi ni wewe, mwenye maneno ni wewe. Karatasi nimekuwekea humu pamoja na bahasha yenye anwani yake. Kazi imebaki nusu.

Mdogo wako


3 Julai

Kwa Shangazi mpendwa,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta u mzima wa afya kama ilivyo kwetu huku. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri kiasi, ingawa zilichelewa kukatika, na upande wa mashariki zilileta upepo mwingi uliotuezulia kibanda cha kuku. Mahindi si mabaya. Barabara imechongwa hadi shuleni. Nasikia magoti yanakusumbua. Nasikitika kwamba sikupata nafasi ya kukujulia hali mapema, kutokana na shughuli nyingi.

Mdogo wangu wa maabara anakusalimu sana. Watoto wanakusalimu. Hapa pia kuna baridi asubuhi.

Mwisho, kuna jambo dogo la kitaalamu kuhusu mbuzi wako na wadudu walio nao tumboni, ambao kama huna matumizi nao ningependa kuwapata.

Ni mimi mwanao


15 Julai

Mtoto wa kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza sikuona unataka nini. Umeniandikia kuku, barabara na magoti yangu, ambayo hujayauliza miaka kumi na minne. Unachotaka kiko mstari wa mwisho, kimejikunyata kama mtoto aliyevunja sahani. Unataka minyoo yangu. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Sasa nisikilize, kwa kuwa umeandika. Najua unasema niliwaua mbuzi wa baba yako. Maneno yana miguu, yalinifikia zamani. Lakini hukumbuki siku ya kugawana, au unakumbuka na umeamua kusahau. Ulisimama kwenye mlango wa zizi na fimbo. Mnene ukampeleka kulia, mwembamba ukampeleka kushoto. Kushoto kulikuwa kwangu. Mdogo wako alikuwa amekaa juu ya uzio, aliona. Sikusema neno. Kaka yangu alikuwa na siku nane kaburini, na sikutaka kugombania miguu ya mbuzi juu ya udongo mbichi.

Niliondoka na wagonjwa thelathini na mmoja na sikuwa na cha kununulia dawa. Mwaka wa kwanza wakafa kumi na saba. Wa pili, sita. Kila mmoja nilimjua kwa jina, na wengine nilikuwa nimewazalisha kwa mikono yangu. Usidhani waliobaki walibaki kwa ufundi wangu. Walibaki wale waliokataa kufa. Hao ndio waliozaa, na watoto wao waliokataa kufa wakazaa. Leo ninao ishirini. Wadogo, miguu mifupi, sura utadhani wameamshwa usingizini. Minyoo wanayo, nimechinja nimewaona. Lakini wanakaa kama wapangaji wawili wa nyumba moja: hawapendani, ila kila mmoja anajua mwenzake habanwi zaidi ya hapa.

Nitaleta. Chumba changu cha zamani, cha dirisha la kutazama zizini, nikikute kitupu. Na mbuzi wangu hawapewi dawa hata kidogo.

Usiniandikie tena habari za kuku.

Shangazi yako


22 Julai

Hadubini,

Ulikuwa juu ya uzio. Uliona. Kwa nini hukuniambia?

Kaka


30 Julai

Kaka,

Niliona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba alikuwa amekufa, na wewe ndiye uliyekuwa unanilipia shule. Nilinyamaza kwa sababu mkono wenye fimbo ulikuwa ndio unaonilisha. Sikuwa jasiri. Tangu hapo nimekuwa nikikugombeza kwa mambo mengine yote, labda ili nisikugombeze kwa hilo. Hiyo ndiyo sababu ya simu zetu kukatika.

Umekosea, na mimi nimekosea. Tufanye kazi.

Kiangazi hiki malisho yako yabaki bila mbuzi hata mmoja. Jua ndilo dawa yetu: minyoo wachanga wanaongoja kwenye nyasi watakauka, miezi mitatu inatosha. Mbuzi wako chagua kumi na watano walio bora, wahamishie kwa jirani aliyekwisha kuvuna, na waliobaki waage, waende kwa mchinjaji. Najua ninachokuambia. Kabla hao kumi na watano hawajarudi, wape ile dawa mpya niliyoifunga humu, mara moja tu, kila mmoja kwa uzito wake. Nimekuwekea na mizani ya kuning'iniza. Mpime mbuzi, usimkadirie.

Mvua zikikaribia, waingie kwanza mbuzi wa shangazi peke yao. Wanye wapendavyo. Mayai yao ndiyo mbegu yetu. Wako waingie baada ya wiki tatu.

Na usidhani minyoo wa shangazi ni wema. Hakuna wema tumboni. Kila kizazi mbuzi anabana kidogo na mnyoo anapenya kidogo, anabana, anapenya. Tofauti ni kwamba kule wamepigana wenyewe miaka kumi na minne, damu kwa damu. Kwako aliyekuwa anapigana ni chupa, na mbuzi wako hawakujifunza chochote.

Mdogo wako


6 Novemba

Hadubini,

Shangazi amefika tarehe 28 Oktoba juu ya lori la mahindi, na mbuzi kumi na wanne. Dereva anasema alimwamuru asimame mara tano mbuzi wapumzike, na mara ya sita ili yeye mwenyewe apumzike. Alishuka, akaniangalia, akasema, “Umenenepa.” Nikasema, “Shikamoo, shangazi.” Akasema, “Marahaba. Nani amepaka chumba changu rangi hii?” Ndiyo salamu yote tuliyopeana.

Mbuzi wake ni vituko. Mmoja ni mfupi kiasi kwamba anapita chini ya mwenzake. Lakini wanakula kila kitu, hata mfuko wa saruji. Siku nne za kwanza nilikaa ukingoni mwa malisho nikiwatazama wananya. Jirani alipita akaniuliza nafanya nini, nikamwambia napanda. Hakuuliza tena.

Mvua imegusa. Mambo yako vizuri. Chupa kumi na nne hizi hapa.

Kaka yako


14 Novemba

Kaka,

Chupa kumi na nne. Nimesoma zote, nimezirudia, nimebadilisha hata vioo vya hadubini nikidhani vina kasoro. Yai sifuri. Mbuzi kumi na wanne walioishi na minyoo maisha yao yote, na sifuri.

Umefanya nini?

Mdogo wako


19 Novemba

Mdogo wangu,

Nimewapa dawa.

Nitakuambia ilivyokuwa, kisha unitukane. Siku ya tano shangazi alikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Mbuzi wake mmoja, jike mzee wa kijivu, alikuwa anakohoa baada ya ile safari. Nikamfunua kope. Haikuwa nyeupe, ilikuwa ya katikati, ile ambayo ungesema tusubiri. Lakini nilimwona amekufa. Nikawaona wote wamekufa zizini mwangu, na yule mama anasimama mlangoni ananitazama bila kusema neno, kama alivyonyamaza ile siku. Nilishampa wagonjwa mara moja. Nikajiambia, safari hii hakuna wake atakayefia mikononi mwangu.

Basi nikachukua dawa ya zamani na mizani yako. Nikampima kila mmoja, nikaandika uzito, nikampa dozi yake kamili bila kupunguza tone. Nikawapa wote, asije akaona nimebagua. Miaka kumi na minne, Hadubini, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nimewanywesha mbuzi inavyotakiwa.

Kisha nikakuandikia mambo yako vizuri.

Nimeiua mbegu. Mvua zimeanza, hakuna mwaka mwingine, na sijamwambia. Nikimwambia ataondoka, na atakuwa na haki.

Kaka


25 Novemba

Binti yangu wa maabara,

Kaka yako anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Amenichotea maji mara nne leo. Nilimwacha mpaka jana, kisha nikamwambia, mwanangu, nilirudi kutoka zahanati nikakuta mbuzi wangu wana dawa nyeupe kwenye ndevu. Magoti ndiyo yanaumwa, macho hayajambo.

Akakaa chini palepale kwenye udongo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuijaza siku nzima, lakini alinionyesha karatasi ya uzito. Kila mbuzi wangu na jina lake. Hakujua majina, aliyabuni: Mfupi, Mla Saruji, Bibi Kikohozi. Nikakosa pa kuishikia ile hasira.

Sasa nawe nikuambie jambo, usimwambie mpaka nimwambie mimi. Mbuzi wangu ni ishirini. Nilileta kumi na wanne. Sita niliwaficha kwa jirani yangu, wale wakongwe, mama zao wote. Sikumwamini kaka yako. Nilijua atafanya kitu, sikujua kama atafanya kwa ubaya au kwa wema. Kesho lori linarudi na mimi narudi nalo kuwachukua. Niandikie: sita wanatosha?

Shangazi


1 Desemba

Shangazi,

Wanatosha. Wakongwe wenye minyoo mingi ndio bora zaidi, na zile siku nne za kwanza kabla ya dawa hazikupotea. Mayai yaliyoanguka siku hizo yako kwenye nyasi.

Na mwambie kaka kwamba sifuri zake kumi na nne ni habari njema kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Alikuwa akinywesha miaka yote na mayai hayapungui. Safari hii yamekwisha yote. Maana yake minyoo wako, shangazi, bado wanakufa kwa dawa ya zamani. Mimi nilikuwa nabahatisha. Sasa najua.

Asante kwa kutomwamini. Na asante kwa kurudi.

Mwanao


8 Februari

Hadubini,

Kila Jumatatu mimi na shangazi tunawafunua kope. Mimi nashika kichwa, yeye anasoma rangi, kwa sababu anasema mimi naona weupe kila mahali. Mbuzi wakubwa wote ni thelathini na watano, pamoja na hao sita wakongwe. Tangu mvua zianze tumewapa dawa saba tu.

Nakuandikia kwa sababu ya kitoto kimoja, cha mwezi wa tatu, mama yake ni wangu na baba yake ni yule beberu mwekundu aliyekufa. Jumatatu kope ilikuwa ya katikati. Shangazi akasema tuache. Nikaacha. Alhamisi kilikufa. Bomba lilikuwa mfukoni mwangu.

Nimekizika. Sijamlaumu shangazi, yeye ndiye aliyenishikia jembe. Lakini niambie wewe uliyesoma: yule mtoto amekufa kwa faida ya nani?

Kaka


16 Februari

Kaka,

Sitakudanganya kwamba alikufa kwa faida ya mtu. Wanyama wadogo hudhoofika haraka, na ingefaa niwaambie: chini ya miezi sita, kope ya katikati ihesabiwe kuwa nyeupe, apewe. Sikuandika hivyo. Niko mbali, naona namba, sioni kitoto kimesimamaje. Kosa hilo lichukue kutoka mabegani mwako uliweke kwangu.

Wengine endeleeni kuwaacha. Najua ni vigumu kusimama na dawa mfukoni kuliko kuwa huna dawa.

Mdogo wako


21 Aprili

Kaka, Shangazi,

Nimemaliza chupa zenu za mwisho, za wale tisa mliowanywesha dawa ya zamani kwa ajili ya jaribio. Kabla: mayai mia sita, mia tisa, elfu moja na mia moja, na kadhalika. Baada: wanane sifuri. Mmoja mayai hamsini.

Inafanya kazi. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa maji.

Yule mwenye mayai hamsini anatuambia kwamba wale sugu hawajaisha. Wamezidiwa tu. Wamekaa humo wakingoja mtu mwenye huruma na bomba. Kwa hiyo, Kaka, siku dawa yako iliyokufa inapofufuka ndiyo siku ya kuifungia kabatini. Kila mara utakapotaka kuwapa wote, na utataka, kumbuka kwamba hao hamsini wanaomba usiku na mchana ufanye hivyo.

Nakuja mwezi wa sita. Safari hii nitawahesabu kwa macho yangu.

Mdogo wenu


29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua tumeisoma pamoja. Shangazi aliniomba nirudie pale pa wanane sifuri, nikarudia mara tatu.

Kabati nimelitengeneza kwa mbao za kile kibanda cha kuku, na nimeweka kufuli. Ufunguo nimempa shangazi. Anauvaa shingoni. Jana nilimwomba, akanikatalia. Leo asubuhi nimemwomba tena, nikamweleza vizuri, kwa sababu za kitaalamu kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikamletee huyo mbuzi. Akamfunua kope, akaitazama kwa muda mrefu.

Akasema, “Nyekundu hii. Nenda kalale.”

Kaka yako